Saa Moja na Robo: Vyama na Michezo katika Shule za Wasichana

Maandishi ya mazungumzo kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za upili za wasichana, Kaunti ya Kilifi

 

Mazungumzo ya leo yanahusu muda mfupi sana wa siku ya shule, saa moja na robo tu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015, katika kanuni ya 84, zimepanga siku ya mwanafunzi. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, masomo ya darasani ni kutoka saa 2.00 asubuhi hadi saa 9.30 alasiri. Kutoka saa 9.30 hadi saa 10.45 ni muda wa shughuli za nje ya darasa: vyama, michezo, muziki, drama, skauti na mengineyo. Kanuni hiyo inazihusu shule za kutwa na za bweni, za umma na za binafsi.

Kwa hivyo muda huo si hisani ya mwalimu mkuu. Wala si pengo kwenye ratiba linalongoja kujazwa na kipindi cha ziada cha hisabati. Ni muda wa mwanafunzi kwa mujibu wa sheria. Swali ambalo kila shule ya wasichana inafaa kujiuliza ni rahisi: je, msichana anaupata?

Ratiba ya ukutani na ratiba ya kweli

Katika shule nyingi, ratiba iliyobandikwa nje ya ofisi ya walimu ina neno "Vyama" siku ya Jumatano au Alhamisi alasiri, na neno "Michezo" siku nyingine. Ukipita madarasani saa hizo, mara nyingi utakuta mwalimu ubaoni anamalizia silabasi ya Kemia, au wasichana wameinamia karatasi ya majaribio. Uwanjani kuna wasichana 15 wa timu ya shule na kocha wao. Wengine 400 wako ndani.

Walimu hawafanyi hivyo kwa nia mbaya. Wanapimwa kwa alama, na wazazi wenyewe ndio wanaouliza kwenye mkutano wa mwaka kwa nini wastani wa shule umeshuka. Mwalimu aliyeacha kipindi cha ziada ili asimamie chama cha mjadala hapati sifa yoyote siku matokeo ya KCSE yanapotangazwa. Basi saa ya vyama ndiyo inayochukuliwa kwanza, kwa kuwa haina mtihani wa kuitetea.

Lakini sheria imeshaweka mipaka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua haki ya mtoto ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika utamaduni na sanaa. Kenya pia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na ibara ya 31 ya mkataba huo inasema jambo lilo hilo. Waliotunga sheria hizi hawakuwa na uadui na masomo. Walifahamu kwamba mtoto ana mahitaji ambayo dawati peke yake haliwezi kuyatimiza.

Chama cha mama na chama cha binti

Kina mama waliohudhuria leo wanajua chama ni nini. Ni vigumu kupata kijiji kisicho na chama cha akina mama cha kuweka na kukopeshana. Kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kina daftari. Kina siku ya mkutano, faini ya kuchelewa, na sheria ya nani akope kwanza. Chama hicho ndicho kilicholipa karo ya wengi, kikanunua mabati, kikagharamia mazishi.

Sasa tazama chama cha wasichana 25 shuleni, tuseme chama cha mazingira. Nacho kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, waliochaguliwa kwa kura. Katibu anajifunza kuandika kumbukumbu: nani alikuwepo, ni nini kilichoamuliwa, ni nani aliyepewa kazi gani na lini ataikamilisha. Mweka hazina anakusanya shilingi 50 kwa kila mwanachama, anatoa risiti, anafunga hesabu mwisho wa muhula na kuisoma mbele ya wenzake. Mwenyekiti anajifunza jambo gumu kuliko yote, yaani kumpa nafasi ya kusema mtu asiyekubaliana naye, kisha kupiga kura na kukubali matokeo.

Hakuna somo la darasani linalofundisha mambo hayo kwa vitendo. Msichana anayemaliza shule akiwa hajawahi kuongoza mkutano wa watu 10, hajawahi kushika pesa za wenzake na kutoa hesabu, hajawahi kusimama mbele ya ukumbi na kutofautiana na mtu kwa heshima, ametoka na cheti lakini kuna kazi ambayo bado hajaianza.

Na kazi hiyo inamngoja nje ya lango. Katiba ya 2010 na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 zinataka wananchi washirikishwe katika mipango na bajeti. Kila mwaka kuna vikao vya wadi ambamo watu huulizwa: bomba la maji lipite wapi, zahanati gani ipewe dawa kwanza, barabara ipi ichongwe. Aliyewahi kuketi katika vikao hivyo anajua hali ilivyo. Wanawake huwa wengi, lakini wanaoinua mkono ni wachache. Na wanaochota maji ni wao. Sauti ya barazani huanza kufunzwa zamani, na mahali pazuri pa kuifunza ni chama cha mjadala cha shule ya wasichana, ambapo hakuna mvulana wa kusubiri aongee kwanza.

Siku ya kwanza ya msichana kusimama kwenye mjadala huwa haipendezi. Karatasi inatetemeka mkononi, sauti inakauka, hoja ya pili inasahaulika, wenzake wanacheka kidogo. Anaketi akiwa amekasirika. Ikiwa chama kinakutana kila wiki, atasimama tena. Kufikia mwisho wa mwaka anasema bila karatasi. Lakini ikiwa chama kinakutana mara moja kwa muhula kwa sababu ya vipindi vya ziada, anabaki na ile siku ya kwanza tu, na kumbukumbu yake ya kusema mbele za watu inakuwa kumbukumbu ya aibu.

Nafasi zilizopo

Wazazi wengi wanapoulizwa kuhusu vyama hutaja mpira na kwaya. Orodha ni ndefu kuliko hapo.

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927. Shule huanza kushindana ngazi ya chini, zikapanda hadi kaunti, eneo na taifa. Katika tamasha hilo kuna nafasi ya nyimbo na ngoma za kiasili, na hapo shule za Kilifi zina hazina isiyonunuliwa dukani. Msichana anayetaka kucheza mwanzele au gonda vizuri hawezi kuipata kwenye kitabu. Itambidi amwendee bibi yake, aulize kwa nini hatua hii inakwenda hivi, kayamba inaingia wapi, wimbo huu uliimbwa lini na kwa nini. Huko ni kusoma historia kwa njia nyingine.

Kuna Tamasha la Drama na Filamu. Kuna Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi, ambako mwanafunzi huleta kifaa au utafiti alioufanya mwenyewe na kuutetea mbele ya waamuzi. Kuna Girl Guides, waliopo nchini tangu 1920. Kuna vyama vya Msalaba Mwekundu vinavyofundisha huduma ya kwanza. Kuna vyama vya wakulima chipukizi, na kwa wadogo kuna 4K, ambayo maana yake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Kuna Tuzo ya Rais, iliyoanza Kenya mwaka 1966, yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Katika tuzo hiyo kijana hatakiwi kumshinda mwenzake. Hushindana na uvivu wake mwenyewe: anatoa huduma kwa jamii, anajifunza ujuzi, anafanya mazoezi ya mwili, na anakwenda safari ya kujitegemea pamoja na kikundi chake.

Chama cha Kiswahili nacho kisisahauliwe. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na katika pwani hii shule inaweza kuiadhimisha bila gharama kubwa: mashairi, vitendawili, ngano na jarida la ukutani.

Kwa upande wa mazingira, Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa mwaka 1968, na wanafunzi wenyewe walikuwa mstari wa mbele kuianzisha. Kaunti hii ni darasa kamili kwa chama cha aina hiyo. Msitu wa Arabuko Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, ni makao ya bundi mdogo wa Sokoke na sengi mwenye kiuno cha dhahabu, viumbe ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuwaona. Misitu ya Kaya za Wamijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na mji wa kale wa Gedi mwaka 2024. Kuna wasichana wanaoishi mwendo wa nusu saa kutoka mahali hapo ambao hawajawahi kuingia.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha faida ya chama kinachofanya kazi kweli. Shule iliyo karibu na Ghuba ya Mida inaweza kupanda mikoko. Kupanda ni rahisi, ni siku moja ya picha na kofia. Kazi yenyewe ni kurudi. Je, miche mingapi ilibaki baada ya bamvua? Ilikufa kwa sababu ya mawimbi, mbuzi, au kwa sababu mkoko ulipandwa mahali panapofaa mchu? Wasichana wanaohesabu miche kila mwezi na kuandika idadi kwenye daftari wanafanya sayansi halisi. Wanajifunza pia kwamba kushindwa kunaandikwa, hakufichwi. Somo hilo litawafaa hata wakiwa wauguzi, wahasibu au wakulima.

Kuhusu michezo, jina la Faith Kipyegon linajulikana kila mahali kwa dhahabu zake tatu za Olimpiki katika mita 1,500: Rio 2016, Tokyo katika michezo iliyofanyika 2021, na Paris 2024. Lakini mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 17 tu, alikuwa tayari ameshinda mbio za nyika za dunia za chipukizi huko Uhispania. Kipaji cha namna hiyo hakingojei cheti cha kidato cha nne. Kikikosa uwanja katika umri wa shule, mara nyingi hakionekani tena. Na kwa wasichana wengi ambao hawatakimbia Olimpiki, uwanja bado una kazi yake: mwili wenye afya, usingizi mzuri, na kujua kushindwa Jumamosi na kurudi mazoezini Jumatatu.

Burudani isipopatikana shuleni

Kuna jambo ambalo kaunti hii haiwezi kulizunguka. Mimba za mapema zimewatoa wasichana wengi shuleni, na disko matanga zimetajwa tena na tena katika mabaraza ya machifu kuwa mahali pa hatari kwa watoto. Maafisa wa utawala wamezipiga marufuku mara kadhaa. Marufuku ni muhimu, lakini hayajibu swali la kwa nini msichana wa miaka 15 alitamani kwenda.

Alitamani muziki, wenzake, kuonekana na kucheka. Hayo si makosa, ni umri. Msichana anayetoka nyumbani saa 11.00 alfajiri, akakaa darasani hadi jioni, akarudi kuteka maji, kupika na kuosha vyombo, hana mahali popote katika juma ambapo anacheza akiwa salama. Atakapopapata mahali pasipo salama, wazee watashangaa. Shule yenye kikundi cha ngoma, timu ya voliboli, bendi au kikundi cha drama kinachokutana bila kukosa haiondoi hatari zote, lakini inampa msichana jambo la kulinda. Anayejua ana mashindano Ijumaa ana sababu yake mwenyewe ya kulala mapema Alhamisi.

Wazee wa Kilifi wanakumbuka kwamba ngoma ya matangani iliwahi kubeba mambo mazito. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alitumia kifudu, ngoma ya mazishi ya Wagiriama, kuwakusanya watu, na walipokusanyika akawaeleza kwa nini wasikubali kodi na kazi ya kulazimishwa ya wakoloni. Alijua kucheza na alijua kusema. Shule ya wasichana katika kaunti yake isiyofundisha hata kimojawapo itakuwa imeupa mgongo urithi wake.

Hofu za wazazi, na majibu yake

Hofu ya kwanza ni alama. Mzazi anasema, "Nimeuza mbuzi ili asome, si ili aimbe." Hofu hiyo ni ya haki na haifai kudharauliwa. Kuna shule ambazo timu ya drama hukosa darasa wiki nyingi wakati wa mashindano, na wasichana hao wakarudi wakiwa nyuma. Hilo ni kosa la mpango, na lina dawa. Mazoezi yafanyike ndani ya saa moja na robo na Jumamosi, na msichana aliyekosa vipindi kwa mashindano apewe ratiba ya kufidia kabla ya kuondoka, isiwe baada ya kurudi. Inatosha pia kila msichana awe na chama kimoja na mchezo mmoja. Anayeandikishwa katika vyama vitano hayumo katika chama chochote.

Mzazi akumbuke pia kwamba mfumo wenyewe umebadilika. Tangu Januari 2026 Gredi ya 10 imeanza katika sekondari ya juu, na mojawapo ya mikondo mitatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Huduma kwa jamii imo miongoni mwa masomo ya lazima kwa wanafunzi wote. Umilisi unaotajwa katika mtaala, kama vile mawasiliano na ushirikiano, ubunifu, uraia na kujiamini, hauwezi kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Unajengwa kwa kufanya. Na wasichana wa kidato cha tatu na cha nne, ambao bado wako katika mfumo wa zamani, wasiachwe kando kana kwamba miili na sauti zao si muhimu.

Hofu ya pili ni njia. Kwa shule za kutwa, msichana akitoka saa 10.45 na nyumbani ni mwendo wa saa moja, anafika jua likiwa linakaribia kutua. Akicheleweshwa hadi saa 11.30, anatembea gizani au anapanda bodaboda ya mtu asiyemjua. Kwa hivyo shughuli zianze kwa wakati na ziishe kwa wakati, bila nyongeza. Wanafunzi wa njia moja waondoke pamoja. Wale wa mbali kabisa wapangiwe vyama vinavyokutana mapema, au wakati wa mchana baada ya chakula, ili umbali usiwe sababu ya kuwaacha nje.

Hofu ya tatu ni gharama. Ada za safari na sare za timu huwaumiza wazazi, na mara nyingi msichana maskini huacha kimya kimya na kusema hapendi tena. Wazazi wana haki ya kuuliza. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya kutwa ya umma, uliowekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka, una kifungu cha shughuli za nje ya darasa. Bodi ya usimamizi ieleze katika mkutano wa wazazi fedha hizo zilifika kiasi gani na zilitumikaje. Na vyama vingi havihitaji fedha nyingi: mjadala unahitaji ukumbi na kengele, chama cha hisabati kinahitaji chaki, jarida la ukutani linahitaji karatasi na gundi.

Hofu ya nne haisemwi hadharani, nayo ni hedhi. Kuna wasichana wanaokaa pembeni siku za michezo kwa sababu hawana sodo, au kaptura ya mchezo ni nyepesi na nyeupe. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2017 yaliipa serikali jukumu la kuwapa sodo bila malipo wasichana waliobalehe katika shule za umma. Shule ihakikishe zinapofika zinawafikia wasichana, zisikae kabatini. Sare ya michezo iwe ya rangi nzito. Na msichana anayetaka kucheza akiwa amejifunga hijabu au amevaa suruali ndefu aruhusiwe kucheza hivyo.

Hofu ya tano ni usalama wake na watu wazima. Safari, mazoezi ya jioni na kambi za mashindano humweka msichana karibu na makocha, madereva na wasaidizi. Hakuna safari bila idhini ya mzazi iliyoandikwa. Hakuna safari ya wasichana bila mwalimu wa kike. Hakuna mazoezi ya mtu mmoja na kocha mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Msichana akiambiwa na mtu yeyote kwamba nafasi yake katika timu inategemea "urafiki", ajue hilo ni kosa la jinai, na kosa si lake. Amwambie mwalimu anayemwamini au mzazi, au apige simu 116, laini ya bure ya kuwasaidia watoto.

Wasihesabiwe mabingwa peke yao

Kuna kipimo kimoja kinachopotosha shule nyingi. Ni kabati la makombe kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Makombe ni mazuri, yanawatia moyo wasichana na wazazi. Lakini yanaweza kuficha ukweli kwamba wasichana 30 wale wale ndio wanaocheza, wanaoimba, wanaoigiza na wanaoongoza, na wengine wote huwapigia makofi.

Kipimo bora ni swali hili: katika muhula huu, ni wasichana wangapi wamefanya jambo mbele ya wenzao? Wangapi wameshika cheo, hata kiwe kidogo, cha kutunza mipira au kupanga viti? Shule inaweza kuweka sheria kwamba mwenyekiti wa chama asiwe kiranja, na kwamba hakuna anayeongoza vyama viwili. Vyeo vibadilishwe kila mwaka. Msichana mwenye ulemavu asipewe kazi ya kutazama. Aulizwe anataka kufanya nini, kisha njia itafutwe. Yule mkimya wa dawati la nyuma, ambaye jina lake mwalimu hulisahau, ndiye anayepoteza zaidi saa hiyo ikichukuliwa. Bingwa atapata njia. Yeye hana njia nyingine.

Kazi ya kila mmoja

Mwalimu mkuu ailinde saa ya 9.30 hadi 10.45 kama anavyolinda chumba cha mtihani. Orodha ya vyama, walezi wake na siku za kukutana ibandikwe mahali wazazi wanapoiona.

Mwalimu mlezi wa chama asiwe msemaji wa chama. Kazi yake ni kuwepo, kusikiliza, kuangalia hesabu na kuzuia hatari. Na mwalimu anayejitolea jioni zake kwa kazi hiyo atajwe kwa jina siku ya tuzo, pamoja na wale wa alama za juu.

Mzazi ampunguzie binti kazi siku moja katika juma, ile siku ya chama chake, na kazi hiyo aifanye kaka yake. Anapoleta ripoti, baada ya kuuliza "Umepata ngapi?", amuulize pia "Umefanya nini muhula huu?" Na siku ya mashindano, baba akiweza, afike. Msichana huangalia umati kabla ya kuanza, na anajua anamtafuta nani.

Serikali ya kaunti nayo ina sehemu yake. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeacha elimu ya shule za upili mikononi mwa serikali ya kitaifa, lakini imezipa kaunti jukumu la shughuli na viwanja vya michezo, utamaduni na maktaba. Kiwanja cha wadi kikisawazishwa, shule jirani isiyo na uwanja inapata mahali pa kucheza. Wananchi wanaohudhuria vikao vya bajeti wanaweza kulitaja hilo, na wanafunzi wenyewe wanaweza kuandika maoni yao na kuyaleta. Hilo lenyewe ni kazi nzuri kwa chama cha mjadala.

Na wasichana, ambao mazungumzo haya ni yao: saa moja na robo kwa siku tano ni zaidi ya saa sita kwa juma. Ni nyingi. Zisipotezwe kwa umbeya nyuma ya bweni wala kwa kujificha maktabani na kitabu kisichosomwa. Chagua chama kimoja ambacho unakipenda, na ukae nacho hadi ujue kukifanya vizuri. Kama chama unachokitaka hakipo, tafuta wenzako 10, andikeni barua, mwendeeni mwalimu mkuu kwa adabu na mwombe. Mtakapofanya hivyo, mtakuwa mmeshafanya mkutano wenu wa kwanza.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mara nyingi methali hiyo hutumiwa kumwambia mtoto anyamaze na kutii. Inaweza kutumiwa pia kwa kumfunza kusema, kuhesabu fedha za watu kwa uaminifu, kukimbia, kuimba na kuongoza, wakati bado ni rahisi kufunzika.

Alasiri ya kesho, saa 9.30, kengele italia katika kila shule. Milango ya madarasa ifunguliwe.